Mlango wa Kuokotea Mipira

Fomu ina kurasa kumi na moja.
Ghasib kaileta kutoka Maskati ndani ya faili la plastiki,
kaiweka mezani juu ya makombo ya mkate wa ufuta:
"Mweka hazina, wewe ndiye mwenye hati nzuri."
Hati nzuri! Mtu wa miaka sitini na tisa,
niliyejifunza kuandika Wete na kuhesabu Ibra,
mkono wenyewe siku hizi unatetema.

Aina ya uwanja.
Niliandika "uwanja", nikafuta, nikaandika tena.
Maana ni changarawe,
iliyokula magoti ya watoto wa nyumba thelathini,
na kila wadi likishuka hutuletea mawe mapya,
bure, bila fomu.
Taa ni moja. Tumeazima umeme wa msikiti,
na imamu huizima baada ya Isha, hata ikiwa penalti.

Idadi ya wanufaika.
Kisanduku kidogo, kama cha stempu.
Nikahesabu wachezaji, pamoja na Thuweni
anayedai ni wa akiba tangu goti lilipomfia.
Nikahesabu kina mama wanaozunguka baada ya Magharibi,
raba chini ya mabuibui,
Zuwena mbele, mizunguko anaihesabu kwa tasbihi.

Na Ijumaa asubuhi?
Ijumaa, kabla jua halijawa kali,
huja Mizanur fundi cherehani na wenzake wa gereji,
wa tanuri la mikate, yule kijana mkata majani ya mbuzi,
wakapiga kriketi kwa ubao wa kasha la tufaha.
Mizanur ndiye anayetuchorea mistari kwa chokaa.
Ndiye aliyeshona namba za jezi:
saba akaishona kichwa chini,
tukashinda siku hiyo, hatukumwacha airekebishe.

Nikampigia bwana wa idara.
"Wanachama tu, ami, kwa namba za vitambulisho."
"Na wanaocheza bila uanachama?"
Nikasikia kijiko kinagonga kikombe.
"Hao hawamo kwenye fomu."

Hawamo.
Mimi pia niliwahi kuwa simo.
Mwaka tuliorudi, miaka kumi na tano,
Kiarabu changu ni cha msahafuni tu,
nikiomba maji watu wanacheka.
Nilisimama nje ya mstari siku nne.
Ya tano, baba yake Ghasib huyu akaniviringishia mpira.
Hakuniuliza jina.

Miezi minane, barua ikaja.
Ruzuku ni nusu ya gharama, nusu nyingine tujitafutie.
Masharti: uzio wa waya, mita tatu kwenda juu,
lango moja, kufuli moja,
na ubao wa nembo usimikwe kabla ya nyasi.

Zuwena akauza bangili.
Thuweni akauza mbuzi, akamlilia kuliko goti.
Mizanur akaleta riali hamsini, noti za moja moja,
zimefungwa kwa uzi mwekundu.
Nikamwandikia risiti.
Penye "namba ya uanachama" nikapiga mstari mrefu,
mrefu kama ile anayotuchorea yeye.

Jana mhandisi kaja na ramani.
Nikatoa penseli. Upande wa kusini, unaoelekea wadi,
nikachora mlango mdogo.
"Huu wa nini?"
"Wa kuokotea mipira. Yetu hutoka sana."
"Mbona hujauchorea kufuli?"
"Mpira ukitoka, mwanangu, nani atakwenda kutafuta ufunguo?"
Akanitazama, akaitazama changarawe,
mistari ya chokaa iliyonyooka kama mshono.
"Hutoka zaidi siku gani?"
"Ijumaa," nikasema. "Asubuhi."
Akaandika vipimo:
mita moja kwa mbili.
Kalamu ikasita kidogo.
Bila kufuli.